Oili ya Gari la Kapteni

Ukifika dukani kwa Mama Stiki ukasema, "Nipe oili lita nne," hupewi oili. Unaulizwa gari liko wapi. Ukisema liko nyumbani, unaambiwa ukalilete. Ukisema huna muda, unaambiwa kwa upole kabisa kwamba mtaa huu wa spea una maduka mengine kumi na mawili, na yote yanauza oili kwa watu wasio na muda. Wapo wanaonuna wakaenda zao. Wengi hurudi na gari.

Gari likishafika, mama huyu wa miaka hamsini na sita hutoka nyuma ya kaunta akafungua boneti kwa mkono wake, akachomoa ile stiki ya kupimia oili, na kudondosha tone moja juu ya kipande cha karatasi nyeupe. Hapo ndipo kazi inapoanza. Tone likitanuka na kuacha pete safi pembeni, oili bado ina uhai. Likibaki doa jeusi lililojikunyata katikati, oili imechoka na inaomba kupumzishwa. Likiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, na hapo mwenye gari hutafuta pa kukaa. Kisha Mama Stiki huandika tarehe, huandika gari la nani na oili gani ameipa, hutoboa karatasi na kuifunga kwenye faili. Miaka ishirini na miwili, mafaili manane. Jina alilopewa na wazazi wake mtaani pale halijulikani, na hata barua za mwenye nyumba humfikia kwa jina la Mama Stiki.

Walimcheka, bila shaka. Walisema hospitalini hupimwi damu kwa mbwembwe kiasi hicho. Naye alikuwa na jibu lake: mgonjwa wa hospitali ana mdomo, anaweza kusema anaumwa wapi.

Sasa mtu mwenye misimamo namna hiyo akikosea, hakosei kidogo. Hukosea kwa utaratibu, kwa tarehe, na kwenye faili. Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la kaka yake.

Kaka mtu alikuwa na miaka sitini na saba, dereva wa teksi tangu ujana wake, na kituoni walimwita Kapteni. Gari lake lilikuwa na miaka thelathini na moja. Aliliosha asubuhi kabla hajanawa uso. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, watoto walikuwa na miji yao, na nyumbani kwake palikuwa na viti sita vya sebuleni ambavyo havikuwa na wa kuvikalia. Mwenyewe alisema kiti kinachomfaa duniani ni kimoja tu, kile kilicho nyuma ya usukani. Mara tatu kwa wiki aliwapandisha wazee wa mtaa kliniki, kule juu mlimani, akawasubiri, akawateremsha. Wazee wale walimwamini yeye na gari lake kuliko walivyowaamini madaktari.

Na alikuwa na fahari moja ambayo hakuna aliyekaa naye dakika tano asiisikie. "Hii ni injini ya kiwandani," alikuwa akisema, akipigapiga boneti kwa kiganja. "Imezaliwa na gari lake. Haijaguswa na fundi yeyote." Madereva vijana wakiona kiganja kinaelekea kwenye boneti, walikumbuka ghafla kwamba wana abiria mahali.

Msimu wa baridi ulipoingia mwaka ule, gari lilianza kulia asubuhi. Ta-ta-ta-ta, kisauti cha juujuu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Kapteni akalipeleka kwa mdogo wake.

Mama Stiki alidondosha tone lake. Tone zuri. Akatazama mfuniko wa kujazia oili, juu ya injini, ambao ulikuwa umechapwa namba za uzito ambao mtengenezaji anataka: ishirini-hamsini, oili nzito. Yeye kwa miaka mingi alikuwa akimpa kaka yake oili ya wastani, na gari halikulalamika. Lakini sasa limezeeka, si ndiyo? Na mtaa mzima wa spea unajua, kuanzia mwenye duka hadi muuza chai, kwamba gari likizeeka, oili inenepe. Chuma kimelika, nafasi zimepanuka, oili nyepesi inapita tu bila kushika kitu. Hiyo si porojo, ni kweli kwa magari mengi. Akamjazia ishirini-hamsini.

Wiki moja baadaye sauti ilikuwa imeongezeka. Mama Stiki akasema dawa ya moto ni moto, akaongeza chupa ya ile dawa nzito inayomwagika taratibu mithili ya asali. Kufikia wiki ya tatu haikuwa tena ukucha mezani, ilikuwa nyundo. Taa nyekundu ya oili, ambayo inatakiwa kuzimika mara tu gari linapowaka, ilibaki inakodoa macho mpaka uhesabu kumi. Na asubuhi moja kwenye mlima wa kliniki gari lilikata pumzi katikati, na wazee watatu, mmoja akiwa na fimbo, ikabidi wateremke na kumalizia kwa miguu.

Aibu ile Kapteni hakuweza kuimeza. Jumanne saa moja asubuhi alilipeleka gari kwa Daktari.

Daktari alikuwa fundi mkuu wa gereji kubwa ya mtaa, na jina alilipata kwa bisibisi yake ndefu. Ncha aliiweka kwenye chuma cha injini inayounguruma, mpini akautia sikioni, akafumba macho. Alichokisema baada ya hapo hakikukatiwa rufaa. Siku hiyo alisikiliza, akasogeza ncha, akasikiliza tena, akatikisa kichwa.

"Beringi za kranki zimekwisha," alisema. "Kapteni, pole. Injini hii imekufa, imebaki kuzikwa. Kuishusha na kuifufua, spea zake nani anazo leo?"

Kapteni hakubishana. Mchana ule ule alikwenda kwa Nyundo, yule mnunuzi wa magari ya kukatwa vyuma chakavu, wakakubaliana. Nyundo angekuja Jumamosi asubuhi kituoni, aliendeshe gari mwenyewe taratibu mpaka kwenye uwanja wake, na huko mambo yaishe. Kisha Kapteni akapita dukani kwa mdogo wake. Hakuketi. Alisimama upande wa pili wa kaunta kama mteja.

"Umeniulia gari," alisema, akaondoka.

Mama Stiki alibaki ameshika kitambaa. Iliuma, tena vibaya. Huyu ndiye kaka aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyesimama naye kwenye mazishi ya mumewe, aliyempakia kwenye gari lile lile siku anafungua duka, na makopo yake ya kwanza ya oili nyuma kwenye buti. Kama injini ile imekufa, basi yeye ndiye aliyeiua, chupa baada ya chupa, kwa mwandiko wake mzuri. Atamwambia nani tena, "lete gari nilione"?

Jumatano hakuuza vizuri. Alishusha mafaili, akatoa karatasi zote za Kapteni, akazipanga kaunta nzima. Kila alipoongeza uzito wa oili, sauti iliongezeka. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa. Kama tatizo lilikuwa chuma kilicholika, oili nzito ingetuliza, walau kwa siku mbili tatu. Hapa ilichochea. Alikuna kichwa, akazirudisha karatasi, na roho yake haikutulia.

Alhamisi saa nane mchana alikuwa akimpangia mteja filta, aliposikia mlango wa gari. Mzee mmoja wa kliniki aliingia kununua balbu. Nje, mbele kabisa ya duka, lilikuwa limesimama gari la Kapteni, injini ikiwa imewashwa, naye Kapteni yuko ndani ameangalia upande wa pili wa barabara ili asikutane na macho ya dada yake.

Mama Stiki akasikiliza. Akasogea mlangoni, akasikiliza tena. Injini ilikuwa inaunguruma sawasawa. Hapakuwa na nyundo wala ukucha.

"Kaka," aliita. "Hili linagonga saa ngapi?"

"Asubuhi," Kapteni alijibu, bado anatazama upande wa pili. "Saa hizi limechoka hata kugonga."

"Na taa?"

"Asubuhi. Kila ubaya wake ni asubuhi. Mwambie mzee afanye haraka."

Mama Stiki alirudi nyuma ya kaunta. Kitu hiki alikijua tangu mwaka wa kwanza wa kazi, na kwa wiki tatu hakukikumbuka. Beringi zilizokwisha hugonga zaidi injini ikishapata moto, kwa sababu moto huilainisha oili na chuma hukosa kinga. Injini inayogonga ikiwa baridi na kunyamaza ikipata moto ina shida nyingine kabisa: oili imekuwa nzito mno, haipandi juu kwa wakati, chuma kinasubiri kinywaji kisichofika. Gari la Kapteni halikuwa limekufa. Lilikuwa na kiu.

Alifunga duka mapema, akapita gereji.

"Fundi, gari la kaka uliwahi kulisikiliza mchana?"

Daktari alicheka, na waliokuwepo wakamsaidia. "Mama Stiki, maiti ya asubuhi hata mchana ni maiti."

Lakini swali moja lilibaki likimsumbua njia nzima. Kwa nini injini inayotaka ishirini-hamsini, iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, iikatae ishirini-hamsini? Hapo aliamua kutafuta kitu ambacho kwa miaka yote hakuwahi kukitazama, kwa sababu nani anakagua cheti cha kuzaliwa cha kaka yake? Alikwenda kwa Kapteni na brashi ya waya, kitambaa chenye mafuta ya taa, na kile kitabu kinene cha dukani kinachoonyesha kila injini na filta yake. Akaliinamia gari uani, akaanza kusugua ubavu wa injini.

Kapteni alitoka na taulo begani. "Unatafuta nini humo?"

"Namba ya injini."

"Ya nini? Injini hii inajulikana. Funga boneti, mdogo wangu, kesho kutwa halipo tena."

Hakufunga. Akasugua mpaka namba zikatokea, akazisoma moja moja, akafungua kitabu. Akapitisha kidole kwenye mistari, akarudi juu, akapitisha tena. Injini ile ilikuwa changa kwa miaka kumi na minne kuliko gari lililoibeba. Ni ya aina nyingine, yenye njia nyembamba za oili na tapeti, vile vyuma vidogo vya kusukuma vali, zinazofanya kazi kwa msukumo wa oili. Kitabu kilitaka tano-thelathini, oili nyepesi kuliko zote zilizokuwa kwenye rafu yake ya chini; hata ile ya wastani ilikuwa nzito kwake, na baridi ya mwaka ule ikaizidisha.

Aliinua uso. Kapteni alikuwa amekwishaketi kwenye ngazi ya mlango, taulo mapajani.

"Ile iliyozaliwa na gari iko wapi, kaka?"

Kapteni alilikunja taulo. "Ilikamata, ikakataa kuzunguka," alisema. "Mwaka ule ulipokuwa kwa mama unamuuguza. Nikapata hii kwenye gari lililopata ajali, nikaipeleka kwa fundi wa mbali nisikojulikana. Mfuniko wake ulikuwa umevunjika, tukauchukua wa ile ya zamani."

"Miaka tisa! Na mimi nakupimia oili!"

"Ningesemaje? Watu wote nimewaambia haijaguswa."

"Mficha uchi hazai, kaka," Mama Stiki alisema, na sauti ilimpanda. Alikasirika kweli. Wiki tatu za kujilaumu, usiku wa kugeukageuka kitandani, na mfuniko mmoja wa plastiki ndio uliokuwa ukimdanganya! Kisha akamtazama mzee yule na magoti yake yaliyochomoza kwenye kaptula, na hasira ikapungua, ingawa haikwisha. Na yeye je? Alikuwa amesoma mfuniko akauamini. Yeye wa "lete gari nilione" hakuwa ameliona.

"Linaponyeka?" Kapteni aliuliza.

"Nadhani. Kama sijachelewa."

"Basi liponye. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usimwage mtama penye kuku wengi. Niache na heshima yangu kituoni."

Akamwahidi. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua ameahidi nini. Shimo la kumwagia oili lilikuwa gereji kwa Daktari tu. Angelazimika kusimama mbele ya watu wote wa mtaa, atie oili nyepesi kama maji kwenye gari la miaka thelathini na moja, na asiseme kwa nini.

Ijumaa saa moja asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio, na ndivyo Mama Stiki alivyotaka. Kama ni kupona, lipone kwenye baridi. Habari ilikuwa imekwishafika kabla yao. Madereva wa kituoni walijipanga ukutani na vikombe vya chai, na hata muuza betri wa jirani alikuwa ameacha duka wazi. Walipoona kopo alilolishika, minong'ono ikaanza.

"Mama Stiki," Daktari alisema, safari hii bila kucheka, "hayo ni maji. Ukiyatia humo injini itasimama kabla hujashusha boneti. Mzee wa watu hata bei ya chuma ataikosa, kwa sababu Nyundo anataka gari linalotembea bila kuvutwa."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Stiki alilijua. Kama hesabu yake ilikuwa na kasoro, kama beringi kweli zilikuwa zimekwisha, oili ile ingezimaliza.

"Oili nzito nilimtilia mimi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Nilikosea mimi, na faili lipo, atakaye akasome. Leo narekebisha."

"Umekosea vipi? Tueleze."

"Nimekosea. Nipishe shimo, fundi."

Watu wakatazamana, maana kwenye mtaa ule watu wamezoea kusikia makosa ya spea, ya barabara, ya serikali na ya mteja, lakini "nimekosea" halisikiki mara kwa mara. Daktari akampisha.

Alifungua nati ya chini. Oili nzito ikatoka kwa uvivu, utepe mweusi uliokuwa ukikatika na kuunganika, kama uji uliolala. Ilichukua muda mrefu mpaka watu wakamaliza chai. Akabadilisha filta. Akatia oili nyepesi kidogo ya kusafishia njia, akaimwaga nayo, kisha akajaza ile yenyewe, lita nne na kipimo, akichungulia stiki mara tatu. Akafunga mfuniko ule muongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Washa, kaka."

Kapteni akawasha. Taa nyekundu ikawaka na kuzimika papo hapo, hata moja hujahesabu. Mama Stiki aliiona kupitia dirishani, akashusha pumzi.

Lakini nyundo ilikuwepo. Ta-ta-ta-ta, vilevile.

Dakika ya kwanza ikapita. Dakika ya pili mtu mmoja ukutani alisema, "Basi, azimishe tu." Daktari alitia bisibisi sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Mama Stiki alijua tapeti zilizokauka wiki tatu zinahitaji muda zijae. Alijua. Kujua ni jambo moja, na kusimama pale mikono ikinuka oili, huku kaka yako ameshika usukani kwa mikono miwili na jasho linamtoka kwenye baridi, ni jambo lingine. Dakika ya tano. Dakika ya saba. Akaanza kuomba kimoyomoyo, maombi yasiyo na maneno mengi.

Dakika ya tisa nyundo ikawa ukucha. Ukucha ukaruka mapigo, ukarudi, ukaruka tena. Halafu haukurudi.

"Limezimika?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

Halikuzimika. Feni ilikuwa inazunguka, bomba la moshi lilikuwa linapumua. Daktari alihamisha bisibisi mbele, nyuma, kushoto, kulia, akaitoa sikioni na kuitazama utadhani ndiyo iliyoharibika.

"Sisikii kitu," alisema. Halafu, kwa sababu pamoja na maringo yake alikuwa fundi wa kweli, akaongeza kwa sauti kubwa, "Injini hii ni nzima. Mimi ndiye niliyeisomea talkini ikiwa hai."

Kelele zilizopigwa pale! Vikombe viligongwa, muuza betri alimkumbatia mtu asiyemjua. Kapteni alitoka na gari kwenye shimo bila kumgonga mtu, akaupanda mlima wa kliniki kwa gia ya tatu, akageuza juu, akarudi akipiga honi njia nzima. Mama Stiki alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa muda mrefu tangu acheke vile.

Hapo ndipo balaa lilipochungulia. Madereva wanne walikuwa wamekwishamzunguka. "Na mimi nipe hiyo hiyo. Langu lina miaka ishirini na sita." "Langu thelathini." Mama Stiki aliwatazama, na kicheko kikamkauka. Magari yao yalikuwa na injini zao za zamani kweli, chuma kimelika kweli. Oili ile ingeyamaliza.

"Leteni magari niyaone," alisema.

"Tumeshaona wenyewe, mama! Kama gari la Kapteni la injini ya kiwandani limepona, yetu je?"

Alimtafuta kaka yake kwa macho. Kapteni alikuwa akikagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mama Stiki aliuma ulimi, kwa sababu ahadi ni deni, akarudi dukani akakataa kuuza. Kufikia jioni alisikia kwamba maduka yale kumi na mawili ya watu wasio na muda yalikuwa yameishiwa tano-thelathini.

Jumamosi asubuhi alikwenda kituoni akiwa amekata shauri. Angemwomba kaka yake amfungue ahadi, na asipomfungua, hakujua angefanya nini. Aliwakuta madereva wamefungua maboneti, makopo mapya mikononi, mmoja amekwishapiga magoti kufungua nati. Nyundo naye alikuwa amefika kwa miguu, jitu la mabega mapana na glavu mfukoni, ameinamia injini ya Kapteni iliyokuwa ikiunguruma pole.

"Hili mlisema limekufa," Nyundo alisema. "Mzee, mimi nimekata magari miaka kumi na tano. Injini ya kiwandani ya umri huu hailii hivi. Ni ya kiwandani kweli?"

Kiganja cha Kapteni kilikuwa njiani kuelekea kwenye boneti. Kikasimama. Akamtazama yule aliyepiga magoti na kopo lake, akamtazama dada yake.

"Simameni!" Kapteni alipaza sauti. "Wewe, acha hiyo nati. Si ya kiwandani. Niliibadilisha miaka tisa iliyopita, nikawadanganya ninyi nyote, na dada yangu nikamdanganya zaidi. Oili hii ni ya injini changa. Mkiitia kwenye hayo magari yenu, huyu Nyundo atarudi hapa ayachukue kwa foleni."

Yule aliyepiga magoti akasimama. Kisha mmoja wa wale vijana waliokuwa wakikimbia hadithi yake akaanza kucheka, si kwa ubaya, na wengine wakafuata, na Kapteni mwenyewe, uso umemwiva, akajikuta naye anacheka. "Mzee umetuchosha na hiyo injini miaka tisa!" "Tulikuwa tunamwamini!" Makopo yakafungwa vifuniko. Waliuliza sasa wafanye nini, na Kapteni akawaonyesha dada yake kwa kidole. Mama Stiki aliwaambia walete magari saa nane mchana, mmoja mmoja, kila mtu na ukweli wake wote. Alisema kwa ukali, ili wasione kwamba machozi yanamlengalenga.

"Basi mimi safari yangu imekufa," alisema Nyundo, akijipapasa glavu. "Nilikuja kuendesha, narudi kwa miguu."

"Unarudi kwa miguu na teksi ipo?" Kapteni alimfungulia mlango wa nyuma. "Ingia. Dada, kaa mbele."

Njiani Kapteni alisimulia habari nzima tangu mwanzo, na walipofika kwenye mzunguko wa barabara aliianza upya, na safari hii injini ilikuwa imekufa siku tatu na Mama Stiki alikuwa ameifufua kwa mikono mitupu. Mama Stiki alisema si kweli, ilikuwa ni wiki tatu za makosa na asubuhi moja ya kurekebisha. Hakuna aliyemsikiliza. Gari liliteleza kwenye mteremko bila kelele, na nyuma yao Nyundo alikuwa ametega sikio, akiisikiliza injini.

Walipofika, Kapteni aliingiza gari mpaka ndani ya uwanja. Magari yalikuwa yamepangwa huko safu kwa safu, mengine yamekatwa nusu, mengi bado mazima, yamefumba macho chini ya vumbi. Nyundo aliteremka, akasimama mbele ya safu ya kwanza, akavua kofia.

"Mama," alisema, "hawa walioletwa hapa kwamba wamekufa. Unadhani wangapi wamekufa kweli?"

Mama Stiki alikwishashuka, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Anza kufungua maboneti," alisema.